Nani Alikwambia Zilipotea?

Ijumaa moja mwezi wa nne nilikuwa kwa baa fulani Kilimani, zile baa ambazo mara moja kwa mwezi huleta mashine mbili za kuchezea santuri na DJ anakuja amevaa kofia ya babu yake. DJ akainua jalada juu kwa mikono miwili, kama padri na mkate. Watu wakatoa simu, wakapiga picha. Akatangaza, kwa Kiingereza bila shaka, kwamba tunaenda kusikia muziki uliopotea, muziki wa Kenya uliokuwa umezikwa miaka arobaini mpaka lebo moja ya ng'ambo ikaja kuufukua. Kisha akateremsha sindano. Gita likaingia, na yule mama anayeosha glasi nyuma ya kaunta akaanza kuimba. Aliimba wimbo wote, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, mikono iko ndani ya povu.

Sasa niambie. Ulipotea kwa nani?

Sikuuliza usiku ule. Nilikuwa nakunywa bia ya kununuliwa, na mtu anayenunuliwa bia hafanyi fujo. Nauliza leo.

Kwanza nijieleze, maana najua kuna watu wameshaanza kushangilia wakidhani nimekuja kuchoma santuri za wazungu. Pole. Mimi ni mteja wao. Muziki mwingi wa nyumbani ninaoujua vizuri nimeujua kwa sababu mtu fulani Uingereza au Ufaransa alikaa chini akautafuta, akausafisha mikwaruzo, akautoa upya. Ukitaka kusikia Nairobi ilikuwa inafanya nini miaka ya sabini, tafuta Kenya Special, ile Soundway walitoa 2013: nyimbo 32, nyingi zilikuwa single tu za sahani ndogo, na humo ndani kuna watu wanacheza funk kwa Kikamba bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukitaka kujua Samba Mapangala alikuwa anafanya nini na saksafoni mbele ya gita tatu, kuna Virunga Volcano, ambayo ni Malako ya Orchestra Virunga iliyotolewa tena kule Uingereza mwaka 1990. Kama wewe ni wa Pwani, au umechoka kusikia watu wakisema taarab ni ya harusi tu, kuna mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique wa Ufaransa. Ya kwanza ni Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza Unguja mwaka 1905. Ya pili ni Mombasa ya 1965 mpaka 1975, na hiyo ya pili iskize usiku, peke yako, simu ikiwa mbali. Ya tatu ni bendi za dansi za Tanzania ya miaka ya sitini, gita safi kama maji ya mtungi.

Hizo zote ni kazi nzuri. Sitaki mtu aniambie sijashukuru.

Shida yangu inaanzia kwa lile neno, kupotea. Kitu kikipotea, anayekiokota ni shujaa, na aliyekuwa nacho ni mzembe au amekufa. Hakuna anayemdai shujaa. Ndiyo maana neno lenyewe linapendwa sana kwenye majalada: linafuta watu wote walio katikati ya wimbo na mnunuzi. Linafuta mama wa glasi. Linafuta yule mzee wa River Road aliyekuwa anakunakilia kanda kwa pesa kidogo. Linafuta dereva wa matatu ya usiku ambaye tangu Nakuru mpaka Busia hawachi Mbaraka Mwinshehe apumzike, na Mbaraka mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Hata huyo, kampuni iliyokuwa hapa hapa Nairobi ilitoa nyimbo zake upya baada ya kifo chake, mfululizo mzima, ikauita Ukumbusho. Kwa hivyo usiniambie kutoa upya ni jambo limeletwa na ndege. Tumekuwa tukifanya hivyo siku zote. Tofauti ni kwamba sisi hatukuandika maelezo marefu ndani ya jalada.

Sasa nije kwa yale yaliyonipata, kwa sababu hasira yangu haikutoka kwa vitabu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, hotuba za bwana harusi, na kuna kipindi niliwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Usiniangalie hivyo. Nusu ya mtaa wetu ililipa nyumba na kazi hiyo. Sasa siku moja ikaja baruapepe kutoka kwa mtu mwenye lebo ndogo Ulaya. Alikuwa anataka kutoa upya single za gita kavu kutoka magharibi ya Kenya, za miaka ya sitini. Alikuwa na nyimbo sita ambazo hakuelewa neno hata moja. Kazi: niandike maneno, nitafsiri kwa Kiingereza, na nikiweza nitafute familia ya mwimbaji. Dola 20 kwa kila wimbo. Familia ikipatikana, dola 50 juu.

Kama hujui gita kavu la huko kwetu, hebu kidogo. Ni gita moja au mawili yasiyo ya umeme, kidole gumba kikitembea chini kwa besi na kidole cha pili kikiimba juu, na pembeni mtu ameshika chupa ya Fanta, zile za zamani zenye mistari, anaikwaruza na chuma. Basi. Hakuna ngoma. George Mukabi wa Kisa ndiye watu humtaja kwanza ukisema omutibo. Alikufa 1963, kijana bado. Baadaye wakaja Abana ba Nasery, ambao GlobeStyle ya Uingereza iliwatoa upya mwishoni mwa miaka ya themanini. Ni muziki unaofanana na mtu mmoja anayezungumza na watu watatu kwa wakati mmoja na wote wanamwelewa.

Kiluhya changu ni cha jikoni. Kwa hivyo nilimpigia mamangu Kayole, nikaweka wimbo wa kwanza karibu na simu. Sekunde kumi hazijaisha akaniambia nizime. Nikadhani sauti ni mbaya. Akasema, "Hapana, nataka nikuimbie mimi, huyo ameruka ubeti." Alikuwa akiusikia kwa mjomba wake kule nyumbani akiwa msichana. Nyimbo nne kati ya sita alizijua. Hiyo ndiyo muziki uliopotea: umekaa Kayole miaka yote hiyo, unauza mboga.

Wikendi iliyofuata nikapanda gari la usiku. Sitataja kijiji, wala jina la mwimbaji, wala lebo, na utaona ni kwa nini. Boda iliniacha kwenye boma lenye muembe mkubwa, nikakaribishwa na bibi wa miaka themanini na kitu, mjane wa mwimbaji. Nikamwamkua, nikamwita kukhu, akaniuliza mimi ni wa nani, nikaeleza ukoo wa mama mpaka akaridhika. Chai ikaja. Mjukuu mmoja wa darasa la nane akaketi kutusikiliza. Nikatoa simu, nikacheza wimbo wa kwanza. Akatikisa kichwa taratibu. Wa pili, wa tatu. Alikuwa anatabasamu tu, anaangalia nje. Wa nne ulipoanza akainua mkono.

"Huyo siye yeye."

Nikamwambia, kukhu, jina ni lake, limeandikwa kwenye sahani.

"Jina ni lake. Sauti ni ya mdogo wake. Yangu nilikuwa naye kwa nyumba, nitakosaje kumjua? Siku hiyo walienda Nairobi wawili. Yeye alikuwa na koo, akapiga gita tu. Mdogo wake akaimba. Na wimbo ni wa mdogo wake, alimtungia bibi yake."

Mdogo mtu alikufa kijana. Ana binti, anaishi Webuye. Hakuna mahali popote duniani pameandikwa kwamba baba yake aliwahi kuimba.

Halafu kukhu akaniuliza mambo mawili. La kwanza: hiyo sahani ikitoka, yeye ataichezea wapi, maana mashine yao iliuzwa wakati wa karo ya mtoto wa tatu. La pili: "Na wewe, mjukuu wangu, wamekulipa ngapi?"

Nikasema kidogo tu, kukhu. Ilikuwa kweli na ilikuwa uongo. Dola 170 kwangu si kidogo, ilikuwa kodi ya nyumba. Yeye alikuwa amewekewa dola 150 mara moja, mwisho wa maneno, na karatasi ya Kiingereza ya kurasa nne ambayo mimi ndiye niliyemsomea. Nilisoma haraka. Kuna aya moja niliyoiruka kwa sababu sikuielewa mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa msomi hapo. Akaweka kidole kwenye wino.

Usiku huo huo nikiwa stendi nikaandika baruapepe: wimbo wa nne umekosewa, mwimbaji ni mwingine, mtunzi ni mwingine, kuna binti. Jibu likaja baada ya siku tatu, la upole sana. Wanashukuru kwa habari hii ya kusisimua. Bahati mbaya jalada limeshaenda kwa mchapaji. Watarekebisha kama kutakuwa na chapa ya pili. Ndani ya kijitabu cha maelezo tafsiri zangu zipo zote, jina langu lipo chini kwa herufi ndogo, na limeandikwa sawasawa. Langu ndilo lililoandikwa sawasawa.

Santuri hiyo nimeiona hapa Nairobi ikiuzwa shilingi elfu tano na mia tano.

Sasa hapa ndipo wale wa "wametuibia" huamka. Nimekaa nao pia. Meza ile ile Kilimani, bia zile zile. Mzungu mwizi, mzungu hivi, mkoloni amerudi na sindano. Haya. Wewe umemnunulia nani wimbo? Wakati kanda za kunakili zinamwagwa mjini miaka ya themanini na tisini, mpaka EMI, Polygram na CBS zikafunga virago na kiwanda cha kuchapa santuri kikanyamaza, hizo kanda hazikununuliwa na wazungu. Zilinunuliwa na wazazi wetu, nasi tukalelewa nazo. Yule mzee wa River Road ninayempenda hakumlipa mwanamuziki hata senti. Yule dereva wa matatu amejaza flashi kwa shilingi mia. Santuri zenyewe tuliziuza kwa kilo, tukazifanya vyombo vya kuwekea maua, tukazirushia mbwa. Halafu mtu wa mbali akija na begi pale Kenyatta Market, akaketi kwa kibanda cha santuri siku nzima akipangusa vumbi moja moja, ndiyo tunakumbuka urithi.

Tena tunapenda kusema wametuibia kwa sababu kuibiwa hakudai kazi. Ukiibiwa unakaa tu, unalalamika, unaongezewa bia.

Kwanza ukiangalia sheria, hata neno kuiba lina kasoro. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Piga hesabu. Kitu chochote kilichorekodiwa River Road mpaka mwisho wa 1974, ulinzi wa rekodi yake hapa nyumbani umekwisha. Ni ya kila mtu. Ulaya wao wamejiwekea miaka 70 tangu kutolewa. Utunzi ni jambo lingine: wimbo wenyewe, maneno na sauti yake, unalindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kwa hivyo rekodi inaweza kuwa huru huku wimbo ulio ndani yake bado una mwenyewe. Na hapo ndipo jina linapokuwa kila kitu. Kama kwenye sahani mtunzi ni kaka aliyefariki uzeeni, familia yake ina haki kwa miaka mingi bado. Kama mtunzi ni mdogo mtu aliyekufa kijana, hesabu inaanzia kaburi lingine na pesa inaenda Webuye, ikiwa bado ipo ya kwenda. Lile kosa la wimbo wa nne wewe unaliona ni la herufi. Ni nyumba nzima imeandikwa badala ya nyingine.

Jina likiandikwa, mambo hutokea. 2018 Kanye West alipochukua kipande cha Kothbiro ya Black Savage, bendi ya rock ya Nairobi ya miaka ya sabini, akakiweka ndani ya Yikes, watunzi waliandikwa, Ayub Ogada akiwemo. Nusu ya marafiki zangu ndiyo walijua kuna bendi iliitwa Black Savage. Aibu yetu, sawa, lakini angalau aliyetaka kufuata jina alikuwa na jina la kufuata. Ogada alifariki mwezi wa pili mwaka uliofuata.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri, eti mambo ya zamani hayana mashahidi. Hugh Tracey alirekodi Chemirocha kwa Wakipsigis mwaka 1950, na rekodi zikaenda kukaa Afrika Kusini. Zaidi ya miaka sitini baadaye, watu wa Ketebul Music wa hapa Nairobi na wenzao wa Singing Wells wakishirikiana na wale wanaotunza rekodi za Tracey walizibeba wakazirudisha kule kule, wakazicheza mbele ya watu wa pale. Miaka sitini! Na mimi naambiwa kubadilisha mstari mmoja kwenye jalada kunasubiri chapa ya pili.

Kuna neno letu wenyewe ambalo nalo silipendi. Zilizopendwa. Kila redio ina saa yake ya zilizopendwa, Jumapili mchana, watu wakipika chapati. Sikiliza hilo neno vizuri. Zilipendwa, zamani, zimeisha kupendwa. Na nani? Neno halisemi. Mtangazaji naye hasemi: anacheza wimbo, anasalimia watu wa Kitengela, anacheza mwingine, na hakuna siku utasikia nani alipiga gita la pili. Lebo ya Ulaya inasema zilipotea, redio yetu inasema zilipendwa, na kati ya hayo maneno mawili mjane anakaa chini ya muembe na hakuna anayemuuliza.

Ninachotaka kinatosha kwenye kipande cha karatasi, na ndugu zangu wa lebo, nikiwaona tena kwenye baruapepe nitawatumia hiki hiki. Maneno ya wimbo yachapwe kwa lugha yake, kabla ya Kiingereza, ili anayeyajua aweze kuona mlipokosea. Mkataba usomwe kwa lugha ya anayeweka kidole, na msomaji asiwe mtu anayelipwa kwa kidole hicho. Hiyo nasema nikijua ninajisema. Jalada lisiende kwa mchapaji kabla familia haijasikia nyimbo zote, hadi mwisho, zote sita. Na nakala ya kwanza irudi nyumbani kwa njia ambayo nyumbani kuna kitu cha kuichezea.

Nanyi wa Kilimani, nunueni tu. Ni muziki mzuri. Lakini DJ akiinua jalada tena na kusema kupotea, kuna mtu nyuma ya kaunta. Muulizeni wimbo unasema nini. Mimi nilimuuliza baadaye usiku ule, akaniambia ni wa mwanamume anayedai mahari irudishwe. Watu walikuwa wameucheza wamekumbatiana.

Mwezi uliopita nilirudi kwa kukhu, safari hii kwa nauli yangu. Nilikuwa nimenunua ile redio ndogo ya kichina inayoingia memori kadi, na kadi nimeijaza: nyimbo zake sita, za Mukabi, za Abana ba Nasery, na nafasi iliyobaki nikamwekea za kanisa kwa sababu aliniomba. Nikachukua namba ya yule binti wa Webuye, nikamtumia wimbo wa nne kwa WhatsApp. Aliniandikia siku ya pili yake, ujumbe mmoja tu, kuuliza kama kuna mwingine. Nikamwambia hapana, huo ndio pekee.

Wiki iliyopita mjukuu wa darasa la nane alinipigia. Kadi imejaa, na anataka kumwekea shosho ngoma za siku hizi, sijui shosho ndiye ameomba ama ni yeye. Afute gani? Nikamwambia afute anazotaka, aguse zozote, ila ya nne aiache.